Boya la Shina

Wifi yangu Mwajabu aliruka kitini, akaushika mkono wake wa kushoto chini kidogo ya kiwiko, akasema, "Kuna mpumbavu ametupa nanga."

Mimi nilikuwa mezani kwangu, kwenye redio, chai mkononi. "Wapi?"

"Kaskazini, kati ya boya la tano na la sita. Ameibwaga juu ya matumbawe, na sasa anaiburuta. Mwambie aache, Siku. Mwambie upesi, inaunguza."

Nikaweka kikombe chini, nikafungua redio. Ilikuwa boti nyeupe ya matembezi, moja ya zile zinazokuja na muziki kutoka bara. "Nyinyi wa boti iliyopo karibu na boya la tano, hapa kituo cha Mbwende. Zimeni injini. Msiiburute nanga. Ivuteni wima, na mtu mmoja achungulie majini aone imekamata wapi."

Kijana akajibu kwa sauti ya kujitetea kwamba hawakuona boya lililo wazi.

"La sita liko wazi mbele ya macho yako, lile la njano. Liendee polepole, upepo ukupige usoni. Usijifunge kwa kamba ya boya. Pitisha kamba yako mwenyewe kwenye kitanzi, uirudishe botini, na uiache ndefu kidogo ili boya lisinyanyuliwe. Ukimaliza, zama uitazame kamba ya boya kwa macho yako. Si kwa macho ya jirani."

Mwajabu alikuwa anapumua kwa meno. Baada ya muda mabega yake yakashuka. "Imetoka," alisema, akarudi kwenye kazi zake kama mtu aliyejikwaa barazani.

Mgeni akija kituoni, kitu cha kwanza kumshangaza ni ule utepe. Ni kitambaa cha kijivu, chembamba, kinachofunika mkono kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Mwamba wetu wa zamani ulipokufa kwa joto, wataalamu walipootesha huu mpya walitia nyuzi ndani ya matumbawe machanga, nyuzi zikakua pamoja nayo. Zinapanda kwa kamba za maboya, maboya yanarusha habari kituoni, na utepe unazigeuza kuwa hisia kwenye ngozi ya mlezi. Kaskazini ya mwamba ni kiwiko, kusini ni kiganja. Samaki akipita, ni mtekenyo. Nanga ikianguka, ni nanga imekuangukia wewe.

Mwanzo walijaribu mashine peke yake. Mashine ilikuwa ikitoa onyo, na watu walikuwa wakizima onyo wakaendelea na chakula. Ikaonekana bora awepo mtu wa kuumia. Utepe unavulika, sisemi hauvuliki, lakini mlezi akiuvua katika zamu yake mwamba unabaki yatima, na Mwajabu hakuwahi kuuvua. Wakati mwingine alimaliza zamu akasahau kumpa mwenzake.

Kaka yangu Fakihi, mumewe, alikuwa akimtania sana kwa hilo, akiuita mwamba mume mwenzake. Asubuhi ile aliniita kwenye redio kutoka kwenye boti yake ya maji, ile aliyopakia matangi ya maji matamu kupeleka vijisiwani, akasema, "Siku, hebu muulize wifi yako, mume mwenzangu kaamkaje leo?"

"Kaamka vizuri," Mwajabu akadakia nyuma yangu. "Anajua kunyamaza, si kama wewe."

"Mwambie nakuja kujifunga kwake. Boya la Shina. Nikisubiri maji yajae nipite mlango wa mwamba."

"Peke yako, Fakihi."

"Peke yangu, mama. Nani mwingine atanitaka?"

Mwajabu akacheka. Lakini nilimwona akiuangalia mkono wake, pale katikati, palipo na Shina.

Niseme habari ya Shina, maana bila yeye hadithi hii haina miguu. Shina ni tumbawe moja kubwa, ukubwa wa msikiti mdogo, lililopona joto lililoua mengine yote. Mwamba wote uliobaki ni watoto wake. Mara moja kwa mwaka Shina hutaga, na watoto wake hutaga naye, na mayai hayo hukusanywa yakapelekwa kwenye mabwawa ya pwani nzima, kila mji unaojaribu kuotesha ukuta wake dhidi ya bahari. Sisi tunaujua umuhimu wa ukuta. Mtaa wetu wa mashariki uko chini ya maji. Nyumba aliyozaliwa mama yangu sasa wanalala humo pweza.

Na tumbawe, wiki ya kutaga, ni kama mja mzito. Likivunjwa tawi hutoa majimaji ya kuwatahadharisha wenzake, mwamba wote unajifunga, na mayai yanabaki ndani mpaka mwaka mwingine. Na siku ile tulikuwa ndani ya wiki hiyo.

Boya la Shina ndilo la zamani kuliko yote, na mzizi wake ulichimbiwa ndani ya Shina mwenyewe, siku zile ambapo hapakuwa na kitu kingine kigumu cha kuchimbia. Limewekewa kikomo. Mvuto ukizidi, boya hufungua kitanzi chake na kuachia chochote kilichofungwa, ili mzizi using'oke na Shina. Ni boya la boti moja. Limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na kila nahodha wa Mbwende ameapa mbele ya Bwana Kitwana, mkuu wa kituo, kwamba ameelewa.

Wameelewa, ndiyo. Ila sisi watu wa Mbwende tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kumwambia mtu hapana. Kwetu boti iliyofungwa haimnyimi mwenzake mkia. Anakuja mtu nyuma yako, anakurushia kamba, unaifunga tezini kwako, kule nyuma, mnakaa pamoja, mnapashana habari, mnagawana samaki. Kumnyima mtu mkia ni kumfukuza mgeni aliyekwisha vua viatu mlangoni. Babu zetu walikuwa na vyombo vyepesi na nanga za mawe, na mkia haukumdhuru mtu. Tumebadilisha vyombo, tumebadilisha maboya, tabia tumeiacha ilivyo.

*

Utabiri ulisema upepo utaingia jioni. Uliingia adhuhuri, tukiwa bado hatujala.

Kwanza maji yalibadilika rangi upande wa kusini, kisha kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka. Nikaanza kuita boti moja moja. Wale vijana wa boti nyeupe walikuwa wameshakimbilia bandarini, na mara hii niliwapenda. Fakihi alijibu kwamba yuko salama, amefungwa vizuri, kamba yake ndefu.

Halafu akasema, "Nimepata mkia."

Mwajabu alifika kwenye redio kabla sijageuka. "Mkia gani? Fakihi, boya hilo ni la boti moja!"

"Ni watu wa harusi, wanatoka Kinyange. Betri yao imekwisha, wanaelea tu. Wana masufuria ya pilau, wana bibi kizee, wana mtoto mchanga. Ulitaka niwaambie nini?"

Mwajabu akaiacha redio. Hata yeye ni mtu wa Mbwende.

Kwenye ubao wa kituo taa ya boya la Shina ilikuwa kijani, ikawa njano. Mwajabu akakaa. Aliuweka mkono wake mezani, kiganja juu, kama watu wanavyouweka kwa daktari, na nikaona vidole vinajikunja vyenyewe. Wimbi lilipokuja boti mbili zikivuta pamoja, alifumba macho. Lilipopita akafumbua.

"Ana matangi yamejaa," alisema. "Yeye ndiye mzito. Mwambie amwage maji."

Nikamwambia. Fakihi akasema amekwisha kufungua koki zote, lakini koki za kugawia maji ndoo kwa ndoo hazikutengenezwa kwa haraka. Alikuwa amewasha mota pia, akisukuma mbele kulipunguzia boya mzigo, na betri yake nayo inakwisha. Kuwahamisha watu wa harusi kuja kwake haikuwezekana, boti zilikuwa zikipanda na kushuka, moja juu nyingine chini. Chombo cha uokoaji kilikuwa bandarini, na mlango wa mwamba ulikuwa umefungwa na mawimbi.

Bwana Kitwana aliingia na kanzu yake imelowa. Akatazama ubao, akatazama mkono wa Mwajabu, akaelewa. Mezani kwa mlezi pana kufuli la kila boya, kitufe chini ya kifuniko cha kioo. Ukikibonyeza, boya haliachii hata bahari ipinduke.

"Wewe ndiye mlezi," akamwambia. "Mimi sikuamrishi."

Huyo ndiye Bwana Kitwana wetu: cheo chake, uamuzi wa mwingine.

"Lifunge, wifi," nikasema.

"Nikilifunga, mzizi utang'oka na Shina. Kisha boti zitakwenda vilevile, zote mbili."

"Huenda upepo ukatulia kabla."

"Huenda."

"Basi lifunge!"

Aliinua kifuniko cha kioo. Niliona kwa macho yangu. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe, na mkono wake mwingine, ule wa utepe, ulikuwa unatetemeka mezani mpaka kalamu zikawa zinadundadunda. Taa ikawa nyekundu ikarudi njano. Mimi nilikuwa nalia tayari. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwamba ameolewa na nani, kaka yangu au jiwe.

Ndipo Fakihi akasema kwenye redio, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Mwajabu."

"Nipo."

"Boya linaweza kuwabeba hawa peke yao?"

Kwenye redio ukavuma upepo. Upepo tu.

"Bila mimi, yaani. Boti yao ni nyepesi. Linaweza?"

Wifi yangu angeweza kusema hapana. Angeweza kusema sijui, na hilo lingekuwa karibu na kweli, maana nani anaijua bahari. Angeweza kunyamaza kidogo tu mpaka taa iamue. Nilikuwa nimemshika bega, nikalifinya kwa nguvu zangu zote.

"Linaweza," alisema.

"Haya."

"Fakihi, subiri. Pengine..."

"Nimesikia, mama. Haya."

Tukasikia kazi. Alikuwa ameacha redio wazi, na tulimsikia akikokota kamba ya wale watu kutoka tezini kuipeleka omo, kule mbele, akihema, akipiga kelele: "Msiiguse! Legezeni, nawapitishia kwenye kitanzi! Mshikeni bibi!" Mwanamke mmoja alikuwa akisoma dua kwa sauti ya juu. Kisha Fakihi akasema, "Imekaa. Iko kwenye kitanzi, nimeirudisha kwao." Kisha, "Naachia yangu."

Mwajabu akatoa pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya raha, kama ya mtu aliyevuliwa kiatu kilichokuwa kinambana kutwa. Mabega yalishuka, vidole vikafunguka mezani. Taa ikarudi kijani. Ule mkono ulikuwa umeacha kuuma, na mwili wake ukafurahi kabla yeye hajauzuia. Nilimwachia bega. Nilijiambia kwamba pumzi ile sitaisahau mpaka naingia kaburini.

"Betri imekwisha," Fakihi akasema. "Naona ukuta."

"Umevaa jaketi?" niliuliza.

"Nimevaa, Siku. Usilie bwana, unanitia..."

Basi. Niliita mpaka sauti ikakauka. Watu wa harusi waliburutwa bandarini alasiri, wote, na mtoto wao, na hata sufuria moja ya pilau. Boti ya maji ilikutwa kwenye ukuta wa mwamba imepasuka vipande. Ndani yake hapakuwa na mtu.

*

Hakuna jambo baya kama msiba usio na maiti. Wanawake walikuja nyumbani kwa mama wakakaa mkekani, wasijue walie au wangoje. Wakipika, wanapika kidogo kidogo. Mtu akisema "marehemu" anakatizwa, akisema "Fakihi" anaangaliwa kwa huruma. Mama yangu alikuwa akitazama mlango.

Mwajabu hakukaa mkekani. Alikuwa kituoni. Mlezi wa zamu ya pili alikuja kuuchukua utepe, Mwajabu akakataa kuutoa, na huyo mwenzake akaona haya kushindana na mwanamke wa namna ile. Alikula alichowekewa. Hakutoa chozi. Watu wakaanza kusema, kama wanavyosema watu, kwamba yule mwanamke jiwe limemwingia moyoni, na mimi sikuwakanusha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiingia na kutoka pale bila kumsalimia. Meza zetu ziko hatua chache, na siku zile zilikuwa mbali kama mbele na nyuma ya kisiwa.

Mwamba ulikuwa unajiandaa kutaga. Tuliwaona wataalamu wakiandaa nyavu za kukusanyia, na simu za mabwawa ya pwani zilikuwa zinalia kutwa: Lini? Kesho? Keshokutwa? Bwana Kitwana aliwajibu kwa furaha ya chini chini, ya mtu anayejua kuna msiba jirani.

Asubuhi moja, bado naondoa kitambaa kwenye redio, Mwajabu akaja akasimama mbele ya meza yangu.

"Siku," akasema. "Kuna kitu kimelala boya la tisa."

"Samaki," nikasema bila kumtazama.

"Hakitikisiki. Kimekuja na maji ya alfajiri, kimelala kwenye matumbawe ya pembe. Hakiumizi. Kimetulia tu."

"Basi gogo."

Akauweka mkono wake juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akanionyesha mahali chini ya kifundo cha mkono, upande wa ndani. Juu ya utepe pale hapakuwa na alama yoyote.

"Amenilalia hapa, wifi," akasema. "Namjua uzito wake. Miaka yote hii ninamjua. Sikosei."

Hapo nikamtazama. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu, na niliona hajalala tangu siku ile. Alikuwa amekaa kituoni akimngoja. Wote sisi tulikuwa tumeipekua bahari kwa boti na darubini, na yeye alikuwa akiipekua kwa mkono.

Bakari mzamiaji alikwenda na mwenzake. Ana kinyago cha kuzungumzia chini ya maji, kwa hiyo tulimsikia. Alikuwa akituambia anachokiona: mchanga, nyasi, pembe. Kisha akanyamaza, akasoma innaa lillahi, na hakuhitaji kutuambia zaidi.

"Mleteni," nikasema, na sauti yangu sikuitambua.

"Hapandi, Siku. Mguu umeingia ndani ya matawi, umekazana mpaka gotini. Nimekata nguo, nimekata mkanda wa jaketi. Hautoki bila kuvunja."

"Kuvunja kiasi gani?"

"Pembe hizi zote za upande huu. Ni kubwa."

Bwana Kitwana alikuwa amesimama nyuma yetu. Alivua kofia yake. Sikupenda alichokisema, ila naandika kwa haki: alikisema akilia.

"Mwajabu, mwanangu. Ni siku mbili, pengine moja. Mwamba utage kwanza. Tutaweka watu wamlinde, watakaa naye, hataguswa na kitu. Tukivunja leo, unajifunga. Mabwawa yote, pwani yote, mwaka mzima. Na wewe ulikwisha..." Akashindwa kumalizia. "Ulikwisha kutoa kikubwa zaidi kwa ajili ya hilo. Usikipoteze bure."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka pia, na hili ndilo linaloniuma, kumwona Mwajabu akikubali, ili nimchukie kwa raha yangu. Maana alikuwa na haki ya kukubali. Mambo yote aliyoyasema mzee yalikuwa kweli. Watu wa miji mingine walikuwa wanategemea mayai yale, na maiti haiumwi na kungoja. Hata sheikh angetafuta njia.

Mwajabu aliutazama mkono wake. Akaufunika kwa kiganja cha mkono mwingine, pale pale chini ya kifundo, kwa upole, kama unavyomfunika mtu shuka.

"Alikuwa haniulizi mara mbili," akasema, si kwangu wala si kwa mzee. "Aliniuliza mara moja tu, nikamjibu."

"Mwanangu..."

"Siwezi kumwacha huko, Bwana Kitwana. Amenilalia. Nitakaaje siku mbili amenilalia hivi, nami nakunywa chai?"

"Basi vua utepe kwanza," nikasema. Nilikwisha simama, nilikwisha mshika. "Wifi, vua. Utakuuma."

"Sivui."

"Ni pembe zote za upande ule, Mwajabu! Uliziotesha mwenyewe!"

"Najua nilichokiotesha." Akanisukumia redio. "Mwambie."

"Mwambie wewe."

Alifungua mdomo, sauti ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliniomba kitu. Kwa hiyo ni mimi niliyebonyeza, ni sauti yangu iliyokwenda chini ya maji. Neno hilo ni letu wawili.

"Vunja," nikasema.

Bakari alikuwa na patasi na nyundo. Tulisikia ya kwanza kama kikombe kinachopasuka chumba cha pili. Mwajabu akapiga ukelele.

Sijausikia ukelele kama ule, wala kwa mwanamke anayejifungua. Watu walitoka maofisini. Alianguka magotini huku ameukumbatia mkono, Bakari akaendelea, pembe kwa pembe, na kila pembe alilia, na kati ya pembe na pembe alilia pia, pale ambapo hakuna kilichokuwa kikivunjwa. Alimwita Fakihi. Alimwita kwa majina ya chumbani ambayo mimi dada mtu sikupaswa kuyasikia. Mtu mmoja alisema mvueni utepe jamani, anateswa, akaja kuushika, nikampiga mkono. Mimi nilikwisha elewa. Nilikaa naye chini, nikamfunga kwa mikono yangu, tukalia hapo sakafuni mpaka Bakari aliposema ametoka, tunapanda naye.

Alichomnyima kaka yangu akiwa hai alimpa akiwa maiti. Kwa siku chache niliona huo ni uonevu. Sasa sijui. Nadhani mara zote mbili alitoa alichokuwa nacho.

*

Tulimzika Fakihi alasiri ileile. Mwajabu akavua utepe kwa hiari yake, akamkabidhi mwenzake, akaingia eda nyumbani kwa mama, chumba cha uani. Sheria ya eda unaijua, hatoki. Habari anazozipata ni zile tunazoingia nazo sisi.

Nilikuwa nikipita kila asubuhi kabla ya kazi. Nilimchana nywele, nikamletea mikate. Hatukuzungumzia siku ya upepo. Alikuwa mwepesi, amepungua, na ule mkono wa kushoto aliuweka mapajani kama kitu alichoazimwa. Hakuniuliza kitu, nami nikashukuru.

Huku nje mwamba ulikuwa kimya. Wiki ya kutaga ilipita, nyavu zikakunjwa kavu. Mabwawa yaliacha kupiga simu. Bwana Kitwana alituma taarifa fupi ya masikitiko, hakumtaja mtu jina, na kwa hilo namheshimu. Watu wa Mbwende hawakusema neno. Waliokuwa wakimsema kwamba ana moyo wa jiwe walikuwa wanapeleka vyakula uani.

Kisha asubuhi moja, nimepiga magoti nyuma yake nampaka mafuta kichwani na kumchana, akauliza, taratibu, bila kugeuka:

"Siku. Mwamba ulitaga?"

Kitana kikasimama mkononi mwangu.

Nilifikiria mengi pale, na yote kwa mara moja. Nilifikiria lile neno lake moja kwenye redio, na nilivyomfinya bega asiliseme. Nilifikiria kwamba huyu ni mtu ambaye hata mauti yalipomuuliza aliyajibu kweli. Kama kuna mtu duniani anayestahili kuambiwa kweli ni yeye. Na kweli ilikuwa fupi, nusu pumzi tu.

"Ulitaga," nikasema. "Wifi, ulitaga kupita kiasi. Bahari ilikuwa ya waridi mpaka mlangoni. Nyavu hazikutosha."

Kichwa chake kikaja nyuma polepole kikaegemea kifuani kwangu, kizito, na nikahisi anatoa pumzi, ndefu. Nikaendelea kumchana.

Eda ina mwisho. Siku atakayotoka atakwenda kituoni, atauvaa utepe, na mwamba utamwambia wenyewe. Kila asubuhi nikivuka uani narudia maneno nitakayomwambia siku hiyo, na kila nikifika mlangoni naona hayafai.